Kikapu cha Mama Mkwe

Ukimuuliza Mulumeoderhwa mwenyewe, atakuambia kwamba katika Goma nzima ya miaka ile hapakuwa na mtu aliyejua kilimo kwa mdomo kumshinda yeye. Kwa jembe, hiyo ni habari nyingine. Alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu, kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania miguu wakati wa mvua, katika nyumba ambamo mama na dada zake walilima na yeye akasoma. Alisoma kwa mapadri mpaka mwandiko wake ukasifiwa, na kazi yake shambani ilikuwa moja tu, kula kilichotoka huko. Alipokuja Goma kuwa karani kwenye depo ya kahawa, akakuta mji mzima umekaa juu ya mawe meusi ya volkano, alijikuta ana mengi ya kusema.

"Kwetu Kabare," aliwaambia wenzake ofisini, "unachomekaka fimbo leo, kesho iko na majani."

"Eee, citoyen," walimwitikia, wakaendelea na magunia yao.

Siku hizo, kwa amri ya serikali, kila mtu alikuwa citoyen, yaani mwananchi, abakosti, lile koti lisilovaliwa tai, imefungwa mpaka shingoni, na majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Yeye alibatizwa Constant. Jina hilo lilifutwa kwenye kila karatasi yake, lakini lilibaki kinywani mwa mke wake, Nshobole, aliyelitunza kwa siku za hasira tu. Akisikia "Constant" kutoka jikoni, Mulumeoderhwa alivaa viatu na kukumbuka kwamba ana mtu wa kumwona mjini.

Walikaa mtaa wa Mapendo, kwenye parsele, kiwanja chao chenye nyumba ya mbao, jiko la nje, na mawe. Mawe yalikuwa mengi kuliko vyote. Mboga zilitoka sokoni, na sokoni zilitoka Rutshuru na Masisi, na kiangazi kikiingia zilipanda bei mpaka Nshobole alirudi na fungu la sombe, majani ya muhogo, linaloweza kushikwa kwa vidole viwili. Hakulalamika. Ila alikuwa ameacha kucheka, na mumewe alikuwa ameliona hilo bila kujua la kufanya.

Aliyelalamika alikuwa mama yake Nshobole, Mama Apolline wa Kabare. Kila kiangazi alipanda boti pale Bukavu, akavuka ziwa, akashuka bandarini Goma na kikapu kikubwa kichwani. Ndani mlikuwa na viazi vitamu, maharage, ndizi, na mboga za lengalenga zilizonyauka njiani. Watoto walikimbilia kikapu kabla ya kumsalimia bibi yao. Akiondoka, alikibeba kikiwa kitupu, akisema anakwenda kukijaza tena.

Mwanamume mwenye mshahara, mwenye abakosti mbili, kulishwa na mama mkwe! Mulumeoderhwa alikula vile viazi huku moyo unamuuma, na mwenyewe anakiri kwamba maumivu hayo hayakuwahi kumzuia kuongeza kimoja.

Zaidi ya hapo, hakuweza hata kujitetea. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana wanalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama wote watatu wamo kwenye chumba kimoja. "Nshobole, umuulize bwana yako kama alilala muzuri." "Nshobole, umuambie mama nililala muzuri." Ndivyo walivyoishi, kwa adabu kubwa, na Nshobole katikati.

Basi mwaka mmoja, siku ya kuondoka, Mama Apolline alisimama sebuleni na kikapu chake kitupu, akasema kwa sauti ya kupita ukutani, ambako mkwe wake alikuwa amejibanza kwa heshima:

"Nshobole, mwanangu, umekonda. Kiangazi kinachokuja nikikuta bado munakaa juu ya mawe bila hata jani moja la kwenu, nitakurudisha Kabare. Wewe na batoto. Mutakaa kule mupaka mupate mwili. Bwana yako atabaki na kahawa yake."

Nyuma ya ukuta, Mulumeoderhwa alihisi baridi. Alijua mama huyu hasemi mchezo, na alijua kwamba Nshobole hakujibu. Kama angejibu "hapana" mara moja, mume angelala usingizi. Nyumba bila Nshobole aliiona palepale, kimya, sufuria zimefunikwa, na yeye mezani anakula mkate mkavu na mwandiko wake mzuri. Aliogopa kwelikweli.

Jumamosi iliyofuata, alipotoka kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha barabara, hakurudisha sururu aliyopewa. Akaanza bustani.

Sasa hapa ndipo mwenyewe hucheka akisimulia. Mtu yeyote wa Goma angepanda katikati ya mawe, kwenye vishimo, palipo na udongo kidogo na kivuli kidogo. Lakini yeye alitoka Kabare. Bustani aliyoijua ilikuwa safi, imenyooka, haina jiwe. Kwa hiyo alianza kuyatoa mawe. Aliyang'oa, akayapasua, akayabeba moja moja kifuani, akayatupa kwenye pembe ya nyuma ya parsele, nyuma ya jiko, ambako hakuna mtu aliyepita isipokuwa Nshobole akienda kumwaga maji ya vyombo. Jioni alikaa amejikunja kiuno, akisema kilimo ni akili. Lundo likafika kifuani mwa mtu mzima. Chini ya mawe hakukuta udongo. Alikuta jiwe lingine, moja, kubwa, lililokwenda pengine mpaka kwenye mlima wenyewe.

Hakukata tamaa. Dereva wa depo, Célestin, akitoka kuchukua kahawa Rutshuru, alimletea udongo kwenye magunia. Mulumeoderhwa aliuchekecha kwa chekecheo la unga mpaka ukawa laini, akaumwaga juu ya jiwe na kutengeneza matuta manne yaliyonyooka kwa kamba, kingo zake zimepigwa kwa ubao. Akasimama kando, mikono kiunoni, akayapenda.

Jirani yake Ferdinand, mtu wa milima ya Masisi aliyeuza maziwa ya ng'ombe wake, alisimama njiani na makopo yake, akavua kofia.

"Pole sana, citoyen. Mulifiwa na nani?"

"Ni kabichi, muzee. Hapa njo nitapanda kabichi."

"Aa." Ferdinand akarudisha kofia. "Niliona makaburi ine, nikasema familia nzima imeisha."

Kabichi zilipandwa mwisho wa mvua. Zilitoka vizuri, majani mawili mawili, na Mulumeoderhwa akaanza kuharibika tabia. Mezani, Nshobole akileta sahani ya mboga, aliionja, akatikisa kichwa. "Hii ya soko haina ladha. Ngojea yangu." Akila nyanya: "Maji matupu. Ngojea yangu." Alipofika kwenye maboga yaliyopikwa kwa maziwa alisimamisha kijiko. "Hii boga si mubaya. Lakini ngojea yangu." Nshobole alimtazama, akamwongezea.

Kisha kiangazi kikaingia, na upepo wake. Udongo ule uliochekechwa kama unga ulipeperuka kama unga. Uliobaki ulikauka, kwa sababu chini yake lilikuwa jiwe lililopata moto tangu asubuhi mpaka jioni. Alimwagilia kwa kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari, kwa maji ambayo Nshobole aliyabeba kwa bidoni kutoka ziwani, na aliona aibu kumwaga jasho la mke wake juu ya kabichi zisizoshukuru. Zilibaki na ukubwa wa ngumi ya mtoto, zikawa za kijivu, kisha zikalala. Alizifunika na majani ya migomba. Alizisemesha. Mara moja, akiwa na hakika kwamba haonwi, aliziombea.

Nyuma ya jiko, huku nyuma ya lile lundo, alikuwa ameona majani majani yanatambaa. Alisema atakuja kuyafyeka, magugu yasije yakaleta nyoka. "Acha," alisema Nshobole. "Upande wa jiko uniachie mimi." Akaacha. Mwanamume hana shughuli mahali panapomwagwa maji ya sufuria.

Habari ikaja na mtu wa boti kwamba Mama Apolline anafika Jumapili. Mulumeoderhwa alikwenda kuyatazama matuta yake. Zilikuwa zimebaki kabichi tatu, na moja kati ya hizo aliihesabu kwa huruma tu.

Jumapili baada ya misa Nshobole alichukua watoto, wakaenda bandarini kumpokea bibi. Mume alisema atabaki kupanga viti. Walipokunja kona tu, alikimbia mpaka soko la Birere, katikati ya wachuuzi, abakosti inapepea, akanunua kabichi kubwa nane, nzuri, zenye kung'aa, akarudi nazo ndani ya gunia. Kabichi ya sokoni hukatwa shina, hilo hata yeye alilijua. Kwa hiyo alichonga vijiti, akachomeka kila kabichi kwenye kijiti, na kijiti kwenye udongo, akasogeza vumbi kuzunguka shingo. Alirudi nyuma hatua kadhaa kutazama. Kwa mara ya kwanza matuta yake yalifanana na bustani.

"Citoyen," ilisema sauti ya Ferdinand kutoka njiani, taratibu, "sasa unazika kabichi?"

Akakimbilia ndani kupanga viti.

Mgeni alifika, wakasalimiana kupitia kwa Nshobole, wakala, mume mbele na wanawake jikoni. Kikapu kilikuwa kile kile, kimejaa vile vile. Baada ya chakula, jua likiwa kali, Mulumeoderhwa alikumbuka kwamba kabichi iliyokatwa ikipigwa na jua hunyauka. Alivua abakosti isilowe, akabaki na singlendi, fulana yake ya ndani, yenye tundu, na kaptula ya kazi, akachukua kopo lake, akanyemelea bustanini. Alikuwa amenyunyizia mbili tu aliposikia sauti ya mama mkwe inakuja, karibu sana.

"Nshobole, unionyeshe hii bustani bwana yako anasemaka."

Mkwe kuonekana na mama mkwe akiwa na singlendi yenye tundu! Alijitupa nyuma ya pipa la maji, akachuchumaa, magoti yakagusa masikio. Kutoka hapo aliona miguu tu, miguu ya mama mkwe ikisimama kando ya tuta la kwanza.

Kisha mkono wa mama mmoja mkulima, mkono ambao umeng'oa kabichi maisha yake yote, ukashuka, ukaishika kabichi kubwa kuliko zote, ukaivuta kidogo kupima uzito. Kabichi ikaja yote, na kijiti chake.

Mama Apolline aliigeuza. Akatazama kijiti. Akairudisha pole pole. Akavuta ya pili. Nayo ilikuwa na kijiti.

"Nshobole," alisema mwishowe, "kwenu Goma kabichi inamea juu ya mishikaki?"

Nyuma ya pipa, Mulumeoderhwa alitamani jiwe lile la volkano lipasuke na kumpokea, lakini jiwe hilo hakuwahi kuliweza hata kwa sururu. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, na aliona vilevile, kwa uchungu, kwamba hata angekuwa yeye ni mama mkwe angemchukua binti yake leo leo.

"Nilisema mwaka jana," Mama Apolline aliendelea, sauti sasa imechoka. "Funga bitu ya batoto. Tutarudi na boti ya kesho."

"Mama," alisema Nshobole, "ukuje kwanza huku."

Miguu ikaondoka, ikapita jiko. Kutoka pale alipochuchumaa, kwenye uwazi kati ya pipa na ukuta, Mulumeoderhwa aliweza kuona pembe ya nyuma. Akamwona Nshobole anazunguka lundo, anafunua yale majani ya magugu.

Hayakuwa magugu. Chini ya majani mapana yalilala maboga, moja, jingine, jingine, yameegemea mawe kama vitoto vilivyoshiba. Kati ya jiwe na jiwe ilitoka minyanya, nyanya zake nyekundu, nyingi, zimeshikana. Lengalenga zilisimama upande wa kivuli, nene, na juu kabisa, kwenye mawe ya mwisho aliyoyatupa huku akilia kiuno, mmarakuja, mmea wa pasheni, ulikuwa umepanda na kuning'iniza matunda yake. Kila jioni maji ya vyombo yalimwagwa hapo, na mbegu za maboga, na maganda, na nyanya zilizooza. Mawe yalikuwa yameyaficha yote kwenye baridi yao, wakati matuta yake yaliyonyooka yakichomwa na jua.

Mama Apolline aliita kwa mshangao jina la Bikira Maria.

"Tangu mwisho wa mvua tunakulaka hapa," alisema Nshobole. "Sombe tu njo natoa Birere."

Nyuma ya pipa, mtu mmoja alikumbuka nyanya za maji matupu. Akakumbuka sahani za mboga zisizo na ladha. Akakumbuka, moja baada ya nyingine, kila "ngojea yangu" aliyoisema na kijiko mkononi.

"Na bwana yako anajua?"

"Hajui. Anafikiri ni ya soko."

"Juu ya nini hukumuambia?"

"Alikuwa na ile bustani yake kwa roho, mama. Kila asubuhi anaisemesha. Ningemuambia aje?"

"Basi ni wewe ulilima hapa."

"Hapana. Mimi nilimwaga tu maji. Yeye njo alibeba mawe yote hii kwa mikono yake, moja moja, mupaka akashindwa kulala kwa mugongo. Bila mawe yake hapa hapangekuwa kitu." Akavuta pumzi. "Sitarudi Kabare, mama. Mwaka jana nilinyamaza. Leo nasema."

Mulumeoderhwa alishika pipa kwa mikono miwili. Furaha iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko aibu, na aibu haikuwa ndogo. Hapo ndipo alipoona miguu ya mama mkwe inarudi, inapita kabichi za mishikaki, inakuja moja kwa moja ikifuata maji yaliyovuja kutoka kwenye kopo la mkwe, na kusimama mbele ya pipa. Mama Apolline aligeuza uso pembeni, kama adabu inavyotaka.

"Wewe, pipa," alisema.

Pipa lilitikisika kidogo.

"Wewe pipa, umuambie bwana ya Nshobole atoke kwa jua, kichwa kitamuuma. Na kabichi azitoe kwa miti. Tutazipika leo, zisiharibike bure. Na umuambie…" Hapo sauti ilimponyoka, mabega yakamcheza. "Umuambie alibeba mawe muzuri."

Kisha akacheka, mama yule mkali, kicheko kilichotoka tumboni, akashika ukuta. Na nyuma yake Nshobole naye akaanza, kwanza kwa mkono mdomoni, halafu bila mkono. Mumewe alikisikia kicheko hicho baada ya muda mrefu mno.

"Pipa," alisema naye kwa sauti ndogo, "umuambie mama, asante."

Boti ilipoondoka, safari hiyo hakuna aliyefunga vitu vya watoto. Mulumeoderhwa alisindikiza mpaka bandarini, akitembea nyuma kwa umbali wa heshima. Mama Apolline alikuwa amefunga maboga mawili na marakuja kwenye kitenge chake, apeleke Kabare, watu waone. Kikapu alikiweka chini kwenye mawe ya gati, akapanda boti bila kukichukua.

"Mama, kikapu!" Nshobole aliita.

"Kibaki kwenu," alijibu mama kutoka juu. "Bila hii mutavunia ndani ya nini?"

Ndivyo karani wa depo ya kahawa alivyopita katikati ya Birere na kikapu cha mwanamke kichwani, kwa sababu Nshobole alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Wenzake wawili wa ofisini walimwona. Akawasalimu.

Alipofika hakungoja hata kuvua abakosti. Alikwenda nyuma ya jiko, mahali ambapo alisema mwanamume hana shughuli, akapiga magoti kwenye lundo lake mwenyewe. Alichuma nyanya, ikiwa na joto la jua upande mmoja na baridi ya jiwe upande wa pili, akaila papo hapo, maji yake yakamchuruzika mpaka kwenye kola. Hakuwahi kula kitu kitamu vile tangu Kabare, na Kabare hakuwahi kukichuma mwenyewe. Akachuma nyingine. Akavunja lengalenga, akakata boga, akapanda juu ya mawe kufuata marakuja, akayachuma yote aliyoyafikia, akajaza kikapu mpaka mshikio ukalia. Alikibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni kwa jiko, akakitua mbele ya mke wake.

Nshobole aliinama, akachagua, akainuka na tunda la kijani mkononi.

"Constant. Hii marakuja yote ulichuma mbichi."

Jina lile la hasira, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Mulumeoderhwa akalichukua tunda, akalipasua, akalinywa lote mpaka mbegu ya mwisho. Uso ulimkunjamana, sikio moja likamcheza, machozi yakamlengalenga.

"Ngojea," alisema alipoweza kusema. "Ngojea kwanza. Hii yangu iko tamu."